Kazi ya Machela Ambayo Sikuiandika

Vijana wangu, juzi mlipokuja hapa kwangu Nyaishozi na mchoro wenu, sikuwatendea haki. Mlinikuta nimetoka kupogoa migomba, magoti yananiuma, nikawapa ndizi na maharage, nikautazama mchoro kwenye kompyuta yenu, nikasema "safi, safi," nanyi mkaondoka mmefurahi. Haikuwa safi. Nilikuwa nimechoka tu, na mzee aliyechoka husema "safi" ili wageni waage. Sasa nimepata kalamu na mchana usio na kazi, nawaandikia kile nilichopaswa kuwaambia mkiwa mbele yangu.

Niliwauliza swali moja: kitu hiki kinafanya nini? Mkajibu wote kwa mpigo, "Ni kitanda cha kisasa cha kujifungulia, mzee." Jamani! Hilo ni jina. Ni kama nikuulize baba yako anafanya kazi gani, unijibu anaitwa Revelian. Nikawaongezea maharage, mkadhani nimeridhika.

Nimekuwa fundi wa vifaa tiba kwa miaka thelathini na moja, katika hospitali moja ya misheni hapa Karagwe. Nimetengeneza vya watu na nimebuni vya kwangu. Katika vyote nilivyobuni, kimoja tu kilisifiwa mpaka Bukoba: machela ya gurudumu moja. Ndiyo machela iliyomfikisha mpwa wangu Koku hospitalini upesi kuliko mgonjwa yeyote aliyewahi kushuka mlima ule, na upesi ule haukumfaa kitu. Nitawaeleza kwa nini. Ila nianze na upuuzi wangu mdogo, ule mkubwa uje tukiwa tumezoeana.

Zamani wodi zetu zilikuwa na stendi za dripu nyembamba, zenye vigurudumu vinavyolia kama panya. Zilikuwa zinaanguka ovyo. Matroni akaniita, akanifokea kana kwamba nilizizaa mimi. Nikaenda karakana, nikachukua rimu ya lori, nikachomelea bomba katikati. Mwanangu, stendi ile haikuanguka. Hata ungeisukuma kwa bega isingeanguka. Nikatengeneza nane, nikajipongeza.

Haikupita wiki, wagonjwa wakaanza kwenda chooni wameinua chupa za dripu juu ya vichwa vyao kama watu waliosalimu amri. Mzee mmoja alitundika chupa yake kwenye mwavuli, akaufungua mwavuli humo humo wodini, akawa anatembea nao polepole. Wauguzi walicheka mpaka wakashika mbavu. Kumbe ile stendi mbovu ilikuwa fimbo yao. Walikuwa wanaiegemea, wanaisukuma mbele, wanakwenda haja zao bila kumsumbua mtu. Mimi niliona inashika chupa, basi. Nikaondoa fimbo ya wagonjwa nane bila hata kujua nimeiondoa.

Wakati huo ndipo alipoletwa Mwalimu Leokadia, mhandisi kutoka upande wa Bukoba, mama mfupi wa makamo, mwenye mabuti ya mvua na mdomo mkali. Mradi mmoja ulimleta atufundishe sisi mafundi wa hospitali namna ya kubuni vifaa vyetu wenyewe. Siku ya kwanza alijikwaa kwenye stendi yangu. Akashika goti, akaitazama juu mpaka chini, akasema, "Fundi, umetengeneza nguzo ya umeme." Nikampenda na kumchukia saa ile ile.

Alichotufundisha alikiita uchambuzi wa kazi za kifaa. Leo mnakifanya kwenye kompyuta kwa rangi rangi. Sisi tulikata maboksi ya dawa tukapata kadi. Kila kadi kazi moja: kitenzi kimoja na kitu kimoja, basi. Shika chupa. Egemeza mgonjwa. Pita mlangoni. Kabla kadi hazijaisha, ilikuwa mwiko kutaja chuma, bomba, bati au gurudumu. Aliyeteleza akataja, alichemsha chai ya wote. Nilichemsha chai nyingi sana mwaka ule, maana fundi ukimwambia "egemeza" yeye anaona bomba tayari, la inchi moja.

Kisha kadi zinapangwa mezani. Unaishika moja, unauliza: kwa nini? Jibu linakaa kushoto kwake. Unauliza tena: kwa namna gani? Jibu linakaa kulia. Ukikuta kadi haina "kwa nini", imepotea njia, itupe. Ukikuta ina "kwa nini" lakini haina "kwa namna gani", hapo ndipo ubunifu wako unapoanza. Na usimfuate mgonjwa peke yake. Kifaa kina siku ndefu. Kinatolewa stoo na mtu, kinaoshwa na mtu, kinaharibikia mikononi mwa mtu, kinatengenezwa na mtu ambaye hana vipuri. Wote hao wana kadi zao.

Na kila tulipodhani tumemaliza, mama yule alitukazia macho, akasema, "Na kingine?" Tulilichukia neno hilo. Tungekuwa na njaa, mvua inanyesha, kadi zimejaa meza, yeye anasema, "Na kingine?"

Haya, machela.

Hospitali iko upande huu wa bonde. Upande wa pili, juu kabisa, ndiko viliko vitongoji vya Chonyonyo ambako dada yangu alimwoza binti yake. Barabara ya gari inazunguka mbali, tena wakati wa masika inakuwa uji. Njia ya mkato inashuka katikati ya migomba na mibuni, inavuka kijito, inapanda mpaka lango la hospitali. Mgonjwa asiyeweza kutembea alibebwa kwa njia hiyo, kwenye machela ya miti miwili iliyosukwa kwa kamba za migomba na kutandikwa blanketi.

Huko kwetu kubeba mgonjwa si hiari. Yowe likipigwa unatupa jembe. Kila nyumba inatoa mtu. Wanane wanashika, wengine wanafuata nyuma ili wawapokee, wengine wanafuata tu. Asiyetokea bila sababu anaambiwa wazi: siku ukifiwa utachimba kaburi peke yako. Na wakishamfikisha mgonjwa hawarudi. Kumtua mtu mlangoni ukaondoka bila kujua daktari amesema nini ni aibu. Basi walikuwa wanakaa barazani nje ya wodi ya wazazi, watu kumi na tano, ishirini, na matope yao na viko vyao, mpaka jibu litoke. Matroni alikuwa anakosa raha. "Hapa ni hospitali au gulio?" alikuwa akipiga kelele.

Hospitali ikatutaka tubuni machela bora. Tukakaa na kadi. Beba mgonjwa. Zuia kuanguka. Kinga mvua. Sitiri mgonjwa. Pita njia nyembamba. Punguza mtikisiko. Tulifika kadi kumi na moja, matumbo yananguruma.

"Na kingine?" akasema Mwalimu Leokadia.

"Basi, Mwalimu. Hiyo ni machela, si ndege."

"Wabebaji mmewauliza?"

Nikatumwa mimi, kwa kuwa nina ndugu kule. Nikapanda mlima mpaka kwa Ta Kamugisha. Sisi huku "Ta" ni kama kusema baba, na yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wa wabebaji, mtu mrefu, mpole, asiyeinua sauti. Nikamwamkia, akanikaribisha, akanipa kahawa ya kutafuna kwenye kijikapu, wenzake watatu wanne wakaja tukakaa.

Hapo nikafanya kosa ambalo nyinyi pia mtalifanya, kwa sababu linaonekana kama adabu. Nikawauliza, "Wazee wangu, ni kitu gani kinawasumbua kwenye machela?"

Mgeni ukimuuliza mtu wa kwetu kinachomsumbua, atakupa kinachomsumbua, kwa wingi, ili usirudi mikono mitupu. "Mabega," alisema mmoja. "Utelezi pale kijitoni," akasema mwingine. Ta Kamugisha akatafuna kahawa yake, akasema, "Na siku nzima inapotea, fundi. Watu kumi na tano, mashamba yamelala." Wote wakaitika. Nikaandika haraka, nimefurahi, maana neno limetoka vinywani mwao wenyewe. Nilipokuwa nashuka nilikuwa na kadi ya kumi na mbili kichwani: Punguza watu.

Swali nililopaswa kuuliza ni jingine, na liandikeni kwa wino: nisimulieni siku moja, tangu yowe linapopigwa mpaka kila mtu amerudi kwake. Usiulize kero. Omba hadithi ya siku nzima, halafu funga mdomo. Katika hadithi hiyo wangenieleza, katikati tu, bila kuona kuwa ni kitu, kwamba wakiwa pale barazani hutoka mtu wa maabara akachukua wawili watatu, wakaenda wakarudi wameshika pamba mkononi, wakanywa soda, wakaendelea kuvuta kiko. Wao waliona huo ni ubinadamu. Machela ilihusikaje?

Mwalimu Leokadia aliishika kadi ile ya kumi na mbili kwa vidole viwili kama kitu kilichooza. "Hii si kazi ya machela. Hii ni tamaa," akasema. "Hao watu wakipungua, wanaondoka na nini?"

"Wanaondoka na matope yao, Mwalimu," nikajibu.

Chumba kizima kikacheka. Matroni alikuwepo, alipiga makofi. Hata Mwalimu mwenyewe alicheka, akairudisha kadi mezani. Nimewaza kicheko kile mara nyingi. Mtu mmoja akikosea na wote wakacheka, kosa linakuwa la wote na halionekani tena.

Tukatengeneza. Gurudumu la pikipiki chini katikati, fremu nyepesi, breki ya mkono kwa ajili ya mteremko, turubai juu, mkanda wa kumshika mgonjwa. Mmoja mbele, mmoja nyuma. Nawaambia, ilikuwa nzuri, na hata leo nikiifikiria kama fundi sioni pa kuilaumu.

Siku ya kuijaribu nilimtaka mtu mwenye uzito wa kweli, akajitokeza Koku. Jina lake zima Kokusima, binti wa dada yangu, mimba yake ya kwanza, miezi saba, na domo tangu utoto. Wakati wengine wanaogopa, yeye alikwisha kupanda. "Mjomba, hii ni pikipiki iliyoibiwa injini," akasema, na watu wakaangua kicheko. Mumewe, Deusi, alishika mbele, shemeji yake Eliasi akashika nyuma, wakashuka naye mpaka kijitoni na kupanda naye tena, yeye akiwapungia watu mkono kama bibi harusi. Kisha nikasimama mbele ya kitongoji kizima nikasema maneno ambayo ningelipa chochote niyameze: "Kuanzia leo watu wawili wanatosha. Nyinyi wengine bakini na migomba yenu."

Walinipigia makofi, na Ta Kamugisha akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

Ikafanya kazi. Wagonjwa kadhaa walishushwa, wote wakafika vizuri. Baraza likawa safi. Matroni akaninunulia soda kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Wageni wakaja kutoka Bukoba wakapiga picha machela, wakanipiga na mimi nikiwa nimeishika kama ng'ombe wa maonyesho.

Koku aliletwa asubuhi ya masika. Nilikuwa mlangoni pa karakana nilipowaona Deusi na Eliasi wakiingia langoni wamelowa, machela katikati yao. Mungu anisamehe, nilitazama saa kwanza, ndipo nikamtazama yeye. Walitumia chini ya nusu ya muda wa zamani. Moyo wangu ulijaa kiburi mpaka koo.

"Shikamoo, mjomba," Koku akasema, huku uchungu umembana, jasho linamtoka. "Gurudumu lako linalia. Litie grisi."

"Marahaba, mama. Nitalitia."

Wakampeleka ndani. Mimi nikaenda kweli kutafuta grisi.

Saa sita mchana alijifungua mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti. Tukashukuru. Baadaye kidogo mkunga akatoka anakimbia, na wakunga wetu huwa hawakimbii. Koku alikuwa anatoka damu na haikomi. Daktari alikuwepo, dawa zilikuwepo, walifanya kila wanachokijua na walikijua vizuri. Kilichobaki kilikuwa damu ya kumwongezea. Kundi lake lilikuwa O, na mtu wa O hapokei nyingine. Jokofu la maabara halikuwa na O hata chupa moja siku ile.

Sasa nisikilizeni. Mtu wa maabara, Bwana Pastori, alitoka na sahani yake ya sindano, akafuata njia yake ya siku zote, akafungua mlango wa barazani. Nilikuwa nimesimama pale. Alisimama na sahani mkononi, akatazama kushoto, akatazama kulia. Sakafu ilikuwa kavu na safi.

"Watu wako wapi?" akaniuliza.

Nikamwonyesha Deusi na Eliasi wamekaa kwenye benchi. Deusi alikuwa kundi A. Eliasi alikuwa na homa, walipompima wakakuta malaria. Mimi ni O, nikalala wakanitoa chupa moja. Muuguzi mmoja akatoa moja. Dereva akapimwa, hakufaa. Mgonjwa mmoja wa mguu alijitolea, wakamkatalia kwa kuwa alikuwa dhaifu. Mimi ni pande la mtu, mnaniona, nikamwambia Pastori atoe nyingine, akanitazama tu akafunga mkono wangu kwa pamba.

Deusi alipiga simu mpaka betri ikakaribia kuisha. Kule juu mtandao unapatikana kwenye kilima kimoja, na mtu aendaye shamba huacha simu nyumbani. Yowe halikuwa limepigwa asubuhi ile. La nini, wakati watu wawili wanatosha? Wanaume wa kitongoji kizima walikuwa kwenye mashamba yao, hawajui hata kwamba Koku ameondoka. Mwishowe mke wa jirani mmoja akapokea, akawatafuta watatu, wakaja kwa pikipiki kwa barabara ya mzunguko, na kwa tope lile waliisukuma zaidi ya kuipanda.

Koku alifariki saa tisa alasiri. Wale watatu walifika saa kumi, na wawili kati yao walikuwa O.

Nilirudi karakana nikalia, nimeshika spana bila sababu yoyote. Sikuwa na mtu wa kumlaumu. Daktari hakukosea, mkunga hakukosea, machela haikuvunjika.

Mwalimu Leokadia aliposikia alirudi Karagwe, ingawa mradi ulikuwa umekwisha. Hakuniambia "nilikuuliza". Angetaka angeweza, nami ningemkubalia. Alikaa karakana, akanywa chai niliyoichemsha, akanitaka nimwonyeshe ninachokifanya. Nilikuwa nafunga kufuli kwenye breki ya machela. Nilikuwa nimebuni namna ambayo gurudumu lisingezunguka mpaka watu sita wameshika vishikio sita kwa pamoja. Nilikuwa nimeifanyia kazi siku kumi bila kula vizuri.

"Siku kitongoji kikiwa na watu watatu tu?" akauliza.

Nikaendelea kukaza skrubu.

"Utamuua wa pili kwa kumlilia wa kwanza. Toa."

Nikalitoa. Tukakata maboksi mapya, sisi wawili tu, na safari hii tulipanda kule juu tukaomba hadithi ya siku nzima. Ilichukua mchana kutwa. Tulirudi na kadi ishirini na tisa. Ita watu. Leta damu. Linda mlango wa mgonjwa. Peleka habari nyumbani. Pika chakula cha msindikizaji. Yote hayo yalikuwa yanafanywa na ile miti miwili na kamba za migomba, kwa sababu ilikuwa nzito. Uzito wake ndio uliokusanya watu.

Machela ya pili ilibaki na gurudumu, maana mabega ni mabega. Tulifunga pembe ya ng'ombe ubavuni mwake kwa mnyororo, na mapatano ya kitongoji yakawa kwamba machela haitoki uani kabla pembe haijalia. Wawili wasukume, wanaosikia wafuate. Pastori naye akaanza kupanda kwenye mikutano yao, akawapima wote, akaandika kundi la kila mtu kwenye daftari. Matroni aliweka mabenchi barazani kwa mikono yake mwenyewe.

Sasa mchoro wenu. Mliniambia, tena kwa furaha, kwamba kitanda hicho kinajiinua na kujigeuza chenyewe, kwa hiyo mkunga mmoja atatosha badala ya wawili. Nilimkumbuka Koku, na bado nikasema "safi". Siyo safi, wanangu. Nendeni mkamfuate huyo mkunga wa pili kutwa nzima. Msimuulize kinachomsumbua. Kaeni kwenye kona mwandike kila anachofanya, hata akimfuta mama jasho, hata akitoka mlangoni kumwambia mume neno moja. Kifaa chochote kikipunguza mtu, andika kwanza kila alichokuwa anafanya mtu huyo, halafu uoneshe kwa kidole nani atakifanya kesho. Kama huna wa kuonesha, hujamaliza. Kidole kimoja hakivunji chawa, na hilo mnalijua tangu utotoni, ila mkiwa mbele ya mchoro mnalisahau kama nilivyolisahau mimi.

Mtoto wa Koku yupo, yuko shule, ana domo la mama yake. Ananiita babu. Hajaniuliza bado.

Kuna siku moja nimeiruka katika masimulizi haya, na niliiruka kwa makusudi. Ni siku iliyofuata kifo chake, asubuhi, walipokuja kumchukua. Hospitali ilitaka kutoa gari, lakini gari lisingefika kwake. Nikasimama barazani kuwasubiri.

Walikuja wote. Walishuka mlima kwa mstari, wanaume wa Chonyonyo, na wengine wa Kituntu waliooa kule, mapanga yao bado yana utomvu wa migomba kwa sababu habari iliwakuta shambani. Walikuwa wanapita arobaini. Waliacha machela yangu palepale ilipoegeshwa, hawakuitukana wala kuitazama. Walikuwa wamekuja na ile ya miti.

Wakakaa barazani kama zamani. Ta Kamugisha akaja kwangu, tukapeana pole, kisha akaniuliza kwa upole, "Ilikuwa nini, fundi?"

"Damu," nikasema. "Ilimwishia."

"Ya namna gani?"

"O."

Akageuka akawauliza wenzake kwa Kinyambo, ni nani hapa aliwahi kutolewa damu akaambiwa ana O. Mmoja akanyoosha mkono. Halafu mwingine nyuma yake. Halafu mzee mmoja aliyekuwa anafunga kamba akaiacha, akanyoosha wake. Nilihesabu saba. Ta Kamugisha naye aliihesabu, taratibu, kwa kidole, kisha akanigeukia.

"Tulikuwa shambani tu, pale juu," akasema. "Mbona hamkutuita?"

Hakuna aliyeinua sauti. Wakasimama, wakaingia ndani wakamtoa Koku, wakamlaza kwenye kamba na kumfunika. Wale saba ndio waliotangulia kushika miti.